Familia inayojenga upya: dirisha la upinde lisimeze fedha ya ukuta

Katika karakana za kuunga vyuma zilizo kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, shasi za madirisha huegemezwa ukutani ili mpita njia azione. Zile za mstatili ziko nyuma, zimepangwa kama vitabu. Mbele kabisa, karibu na vumbi la magari, fundi huweka ile yenye upinde juu, au ile ya duara yenye vyuma vilivyotandazwa kama miale ya jua, imekwisha kupakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Hiyo ndiyo inayosimamisha watu. Baba na mama waliokuwa wanaenda kuuliza bei ya mabati wanasimama. Mama anapitisha mkono juu ya upinde, baba anauliza ni dola ngapi. Fundi akitaja bei wanacheka, wanaondoka. Juma linalofuata wanarudi na avansi.

Wengi wa wateja hao si matajiri. Tangu kambi za wahami wa vita zilizouzunguka mji wa Goma zilipoondolewa mwezi wa pili 2025, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyingine, familia nyingi zilirudi kwenye viwanja vyao huko Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, au zikatafuta pa kujibanza pembeni mwa mji. Wengine walikuwa bado hawajamaliza kujenga upya baada ya moto wa Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ulioteremka hadi Buhene na kumeza nyumba kwa maelfu. Wapo wazee ambao walikwisha kupoteza nyumba katika moto ule wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, uliopita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu hao hujenga kidogo kidogo: mwaka huu mawe ya msingi, mwaka ujao mabati, dari itangoja. Katika hesabu ya namna hiyo, dirisha moja la umbo la pekee linaweza kubeba fedha ya vitu vitatu ambavyo nyumba haiwezi kukaa bila hivyo.

Ni rahisi kuwacheka. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyetoka chini ya bashi ana wazimu kutafuta upinde. Kicheko hicho hakifai. Yule aliyekaa miaka miwili chini ya bashi anajua kitu ambacho anayecheka hajui: kibanda cha bashi hakina dirisha. Kina mlango wa kitambaa tu. Mchana ukifunga, ni giza na joto. Ukifungua, kila anayepita anaona sufuria yako, mgonjwa wako na binti yako anayevaa. Mtu wa namna hiyo akiota nyumba, hataanza kuota msingi wala shimo la choo. Ataota dirisha ambalo yeye mwenyewe analifungua na kulifunga. Na kama ataliota, kwa nini aliote baya?

Tena umbo hilo si geni katika nchi hii. Watu wa Kivu wameliona tangu utoto katika makanisa na misheni, katika shule za masista, katika nyumba za zamani za Bukavu zilizojengwa wakati wa ukoloni mji ulipoitwa Costermansville, ambazo nyingine zina madirisha ya duara kama ya meli. Wameliona pia katika nyumba kubwa zinazotazama ziwa kule Himbi. Kwa macho ya wengi, ukuta wa upinde ni ukuta wa mtu ambaye hatatoka hapo kesho. Ndiyo maana aliyefukuzwa mara tatu anautamani kuliko jirani ambaye hajafukuzwa hata mara moja.

Basi shida si tamaa. Shida ni zamu. Upinde unanunuliwa kwanza, kwa sababu ndio unaoonekana, halafu nyumba inalazimishwa kuufuata. Ilipaswa kuwa kinyume: nyumba iulizwe kwanza inahitaji nini kwenye kila ukuta, kisha umbo lije kukaa mahali ambapo halitaumiza kitu.

Chumba cha kulala cha kawaida katika nyumba zinazojengwa sasa ni mita tatu kwa tatu, yaani mita mraba 9. Katika nchi nyingi wachora plani hukadiria dirisha lifikie karibu sehemu moja ya kumi ya sakafu ili mwanga utoshe, na nusu yake angalau iweze kufunguka kwa ajili ya hewa. Kwa chumba hicho, hiyo ni dirisha la sentimeta 90 kwa mita moja. Sasa chukua lile duara zuri la karakana, lenye upana wa sentimeta 60. Eneo lake lote halifiki hata mita mraba 0.3, chini ya theluthi moja ya kinachotakiwa. Na mara nyingi duara halifunguki kabisa, kwa sababu bawaba hutaka upande ulionyooka. Fundi akitaka lifunguke lazima aweke mhimili katikati, na wengi hawataki kazi hiyo. Mwenye nyumba amelipa zaidi na amepata chumba chenye giza kisichopumua.

Kutopumua huko si neno la kupita tu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa mvua ni baridi. Familia nyingi huingiza mbabula ndani, wapate joto na kumalizia maharagwe hapo hapo. Makala yanayoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Wanaoivuta huanza kuumwa kichwa, husinzia, na wengine hawaamki. Hakuna dirisha linalofanya mbabula iwe salama chumbani, mahali pake ni nje au katika jiko lililo wazi. Lakini mtoto akisahau kuitoa, tofauti kati ya msiba na kichwa kuuma inaweza kuwa ni lile dirisha linalofunguka, au tundu la hewa juu ya ukuta lisilozibwa kamwe. Kioo cha duara kilichogandishwa na simenti hakitamfunguliwa mtu.

Kuna hewa nyingine ambayo watu wa Goma wanaijua vizuri zaidi kuliko wageni: mazuku. Inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia mabondeni na mashimoni, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Bulengo na Ziwa la Kijani, na imekwisha kuua watu na mifugo. Wapo mafundi wanaowaambia wateja kwamba madirisha makubwa chini ya ukuta yataifukuza. Si kweli. Mahali penye mazuku, tundu la chini ni njia ya kuingilia, na dirisha la juu haliondoi kilichotulia sakafuni ambako watoto wamelala. Hapo hakuna swali la umbo. Kuna swali la kiwanja. Kabla ya kuchimba msingi upande huo, inafaa kuwauliza wakaaji wa zamani na kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG. Fedha ya dirisha inaweza kungoja jibu.

Halafu kuna antivoli. Hakuna atakayemwambia mkaaji wa Goma au Bukavu aondoe vyuma dirishani katika siku hizi ambapo bunduki zinapiga hodi usiku. Lakini nyumba za mbao zinaungua, na zinaungua upesi. Kadutu wanajua, Birere wanajua. Moto ukianzia mlangoni, chumba chenye antivoli iliyoungwa moja kwa moja ni mtego. Madirisha ya maumbo ya pekee ndiyo mabaya zaidi hapa, kwa sababu fundi hufanya antivoli kuwa ndiyo pambo lenyewe: miale, maua, mioyo, jina la familia, vyote vimeungwa na shasi bila bawaba. Kwenye dirisha la mstatili ni kazi ndogo kuweka antivoli inayofunguka kutoka ndani kwa kufuli, ufunguo ukitundikwa kwenye msumari ambao hata mtoto wa miaka minane anaujua. Kila chumba wanacholala watu kinahitaji tundu moja la namna hiyo, ambalo mabega ya mtu mzima yanapita. Hili lisijadiliwe na fundi wala na fedha.

Ukuta wenyewe una maneno yake pia, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika.

Upinde wa kweli ni kitu chenye akili. Tofali hupangwa zikielekea katikati, kila moja ikiibana mwenzake, na uzito unaotoka juu haushuki katikati ya dirisha bali husukumwa pembeni, kwenye ukuta wa kulia na wa kushoto. Kwa hiyo upinde unahitaji kuta nene na nzito za kuupokea msukumo huo. Ukiwekwa karibu na kona ya nyumba, unasukuma kona nje. Unahitaji pia mbao za kuushikilia kwa chini mpaka simenti ikaze vizuri, si mpaka kesho asubuhi ambapo fundi anataka mbao zake kwa kazi ya mahali pengine. Wazee waliojenga misheni walikuwa na wakati na walikuwa na kuta za unene wa mkono. Anayejenga sasa na tofali moja moja za simenti hana hayo.

Na wapo mafundi ambao hawajengi upinde hata kidogo. Wanaacha tundu la mraba, wanakunja chuma kimoja, wanajaza simenti na vipande vya mawe juu yake, wanapiga lipu, na kwa macho ni upinde. Hakuna lento, ile boriti ya beto inayolala juu ya dirisha la kawaida na kubeba ukuta. Uzito wote umekaa juu ya chuma kilichokunjwa. Nchi ikitulia, utakaa miaka.

Lakini nchi ya Kivu haitulii. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008 tetemeko liliharibu nyumba nyingi Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, katika Rwanda. Baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2021, ardhi ya Goma ilitetemeka siku kwa siku, kuta zikapasuka, na wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu wakatembea kwa miguu mpaka Sake, wengine Minova. Nyufa katika tofali hupenda kuanzia pembe za madirisha, zikapanda kwa mshazari. Kinachozishika ni mambo ambayo hayaonekani kutoka barabarani: mshipi wa beto wenye chuma unaozunguka nyumba yote juu ya madirisha, ule mafundi wanaouita shenaji, lento inayoingia vizuri ndani ya ukuta pande zote mbili, na dirisha lililo mbali na kona, angalau hatua moja kubwa ya mtu mzima. Mshipi huo hakuna mgeni atakayeusifu. Ukishapigwa lipu hauonekani tena. Na ndio unaokatwa bajeti ili upinde upatikane. Kati ya makosa yote yanayosemwa hapa, hili ndilo kubwa.

Nyumba ya mbao ni jambo jingine. Goma imejaa nyumba za mbao juu ya mawe ya moto uliopoa, na ubao haubebi upinde kama tofali. Fundi mbao hukata tu umbo kwenye ubao na kulipigilia. Halidhuru ukuta, na halina bei kubwa. Mwenye nyumba ya mbao anaweza kupamba zaidi ya mwenye nyumba ya tofali, mradi tundu lenyewe liwe la mstatili na lifunguke. Ni ajabu kidogo kwamba ndiye anayepamba kidogo zaidi, kwa kuona haya ya mbao zake.

Kioo nacho kina hesabu yake. Muuza vioo wa Birere hukata mstari ulionyooka kwa dakika moja, mteja akiwa amesimama. Mviringo humpa jasho: anaweza kukata mara mbili kikavunjika, na hasara hiyo iko ndani ya bei. Tena kioo cha duara hukatwa kutoka kioo cha mraba, na zaidi ya sehemu moja ya tano ya mraba huo inabaki mezani kama vipande, navyo vimelipiwa. Hayo ni ya siku ya kwanza. Siku ngumu ni ile ya pili, kioo kikivunjika. Hapa vioo huvunjika: mpira wa watoto, tetemeko, mlio wa bomu lililoangukia kartie nyingine kabisa. Kioo cha mstatili hurudishwa siku hiyo hiyo ikiwa fedha ipo. Nusu duara hungoja fundi apatikane, apime, akosee, arudie. Wakati huo tundu linafunikwa na nini? Na kipande cha bashi, kilekile chenye rangi ya buluu au nyeupe ambacho familia iliapa haitakiona tena. Kuna nyumba nzuri za tofali ambazo upinde wake una bashi mwaka wa pili sasa.

Anayetaka upinde hata hivyo, na augawe. Fundi wa vyuma anaweza kuuchana upinde katika vipande vitano au sita kwa vyuma vyembamba, kila kipande kikiwa na kioo kidogo. Kikivunjika kimoja, kinarudishwa kimoja. Shasi iliyogawanywa hivyo ina viungo vingi zaidi, na mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hula vyuma kama inavyokula mabati, kwa hiyo rangi ya kuzuia kutu irudiwe kwenye viungo kabla madoa mekundu hayajaanza kuteremka ukutani.

Lipo neno moja ambalo wachora plani wa miji yenye amani hawalifikirii, na kila familia ya Masisi inalijua bila kufundishwa. Dirisha linaweza kuhama. Katika vita vya huku, milango, madirisha na mabati ndivyo vinavyong'olewa kwanza. Nyumba nyingi ambazo wenyewe walizirudia walizikuta ni kuta tu. Wengine walipata nafasi ya kung'oa wao wenyewe kabla ya kukimbia, wakapakia kwenye pikipiki au chukudu, wakaweka amana kwa ndugu. Shasi ya mstatili ya kipimo cha kawaida inaingia katika tundu la nyumba yoyote, Goma, Minova au Kiwanja. Ikishindikana, inauzwa. Shasi ya upinde ilipimwa kwa tundu moja tu duniani, na tundu hilo limebaki nyuma. Hakuna atakayeinunua isipokuwa kwa bei ya chuma chakavu. Kwa mtu ambaye hati ya kiwanja chake bado ina maneno, au ambaye amejenga kwa ruhusa ya mjomba bila karatasi, hii ni sababu inayotosha peke yake.

Itasemwa kwamba ni huzuni kuchagua dirisha huku unafikiria siku ya kukimbia. Ni huzuni kweli. Lakini ni wale waliokimbia ndio wanaolisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema mvua itanyesha mwezi wa tisa.

Basi anayetaka uzuri afanye nini? Njia ziko, na mafundi wa hapa wanazijua, ila hazina faida kubwa kwao kwa hiyo hawazitangulizi. Ya kwanza ni upinde wa lipu. Dirisha linabaki mstatili na lento yake. Juu yake fundi mwashi anachora upinde kwa simenti unaotokeza sentimeta chache nje ya ukuta, kisha unapakwa rangi tofauti. Kutoka barabarani jicho linaona upinde. Gharama ni simenti kidogo na nusu siku ya mtu mwenye mkono mzuri. Rido nayo itatundikwa kwenye fimbo iliyonyooka, maana hakuna kitu kinachowachosha akina mama wenye madirisha ya upinde kama kutafuta jinsi ya kutundika rido kwenye nusu duara. Mwishowe sehemu ya juu inabaki wazi, na jirani wa ghorofani anaona kila kitu.

Ya pili ni klostra, yale matofali ya simenti yenye matundu. Hili linastahili sifa zaidi ya linazopewa. Fundi akiwa na kalibu ya mbao au ya chuma, anamwaga humo duara, msalaba, ua, nyota, lolote mwenye nyumba analotaka. Hakuna kioo cha kuvunjika, mwizi hapiti, hewa inapita mchana na usiku hata kama kila mtu amesahau. Katika jiko, chooni, kwenye korido na juu ya mlango, hakuna umbo la pekee linalofaa kuliko hilo. Watu wa Uvira na Kalemie, walio chini kabisa kando ya Tanganyika kwenye joto, wangeweza kujenga nusu ya nyumba kwa klostra na kulala vizuri. Goma lazima kiasi, kwa sababu ya baridi na vumbi la volkano, na ziwekwe chini ya ukingo wa mabati ambapo mvua haifiki. Wavu wa mbu upigiliwe kwa ndani, la sivyo familia imejenga mlango wa malaria kwa gharama yake yenyewe.

Ya tatu ni kukubali umbo moja tu, mahali pamoja: duara dogo au nusu duara juu ya mlango mkubwa wa sebule, ambalo halikusudiwi kufunguka, na ambalo kando yake kuna madirisha mawili ya kawaida yanayofunguka. Hapo linaleta mwanga, linaleta heshima, na halichukui nafasi ya kitu kingine. Pembetatu kubwa ya kioo chini ya paa, ile inayoonekana katika picha za simu, iachwe kabisa ikiwa inatazama magharibi. Jua la saa tisa alasiri karibu na ikweta litaingia lote sebuleni.

Na hizo picha za simu zinahitaji neno. Mara nyingi dirisha halichaguliwi na anayelala ndani ya nyumba. Ndugu aliye Kampala, Ubelgiji au Marekani anatuma picha na fedha, na anasema fedha hii ni ya dirisha kama hili. Nyumba aliyoipiga picha iko mahali ambapo ardhi haitetemeki na kioo cha umbo lolote kinaagizwa kiwandani. Hana nia mbaya. Anataka mama yake aheshimiwe mtaani. Ni afadhali aambiwe wazi: yaya, fedha tumeipokea, Mungu akubariki, tumeanza na shenaji, picha ya dirisha tumeihifadhi. Wengi huogopa kumwambia, wasije wakaonekana hawana shukrani, na ukuta unapanda bila mshipi kwa sababu ya aibu.

Katika nyumba yenyewe pia, mazungumzo na fundi mara nyingi hufanywa na baba peke yake, wamesimama uwanjani. Mama ndiye atakayekaa katika moshi wa jiko, ndiye anayejua mvua inapiga kutoka upande gani na mtoto yupi anakohoa usiku. Mama mmoja aliyerudi upande wa Sake alimwita fundi jioni, akachukua kipande cha kaa, akachora madirisha yote kwenye ubao yeye mwenyewe: mawili kila chumba, yanayotazamana, marefu kuliko mapana. Jikoni akachora mistari mingi ya klostra. Fundi akamuuliza kama hataki hata upinde mmoja. Akafikiri kidogo, akachora mmoja juu ya mlango wa mbele, mdogo, kisha akamwambia aache tundu lake limezibwa kwa tofali bila simenti nyingi, mpaka mahindi ya msimu ujao yauzwe.